Namna ya Kufuata Kosa la Udhibiti wa Jeni Katika Lukemia Hadi Kwenye Shabaha ya Dawa

Lukemia, ambayo wengi tunaiita saratani ya damu, huanzia kwenye uboho, mahali ambapo seli shina huzaa mabilioni ya chembe za damu kila siku. Mtu anapoambiwa kwamba ugonjwa huu unatokana na mabadiliko ya jeni, kwa kawaida hufikiria jeni iliyoharibika ambayo sasa inatengeneza protini mbovu. Hilo hutokea, lakini katika aina nyingi za lukemia kali uharibifu mkubwa huonekana kwingine: jeni zisizo na kasoro yoyote, ambazo kila mwanadamu anazihitaji, huendelea kunakiliwa ndani ya seli ambayo wakati huo ilipaswa kuwa imekwisha kuzizima. Seli hiyo hubaki changa, hugawanyika kupita kiasi na haifiki kamwe katika hatua ya kuwa chembe yenye manufaa kwa mwili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa biolojia, famasia na udaktari, walimu wao, na yeyote anayesoma ripoti za utafiti akitaka kupima kama shabaha mpya inayotangazwa ina uzito. Msimamo wangu ni kwamba kuiona jeni iliyowashwa isivyostahili hakutoshi. Ni lazima ithibitishwe kwamba seli ya saratani inaitegemea jeni hiyo kuliko seli ya kawaida inavyoitegemea, na kwamba pana mahali ambapo molekuli ya dawa inaweza kushika.

Anza na seli ya kawaida

Karibu kila seli ya mwili hubeba DNA ileile, yenye herufi zipatazo bilioni 3 na jeni za protini zipatazo 20,000. Kinachotofautisha seli ya ini na chembe nyeupe ya damu ni orodha ya jeni zilizo wazi na zilizofungwa. Orodha hiyo husimamiwa na protini za udhibiti zinazokaa juu ya DNA, na alama za kikemia zilizobandikwa kwenye DNA yenyewe au kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, pamoja na vipande vya DNA visivyotengeneza protini viitwavyo enhansa, ambavyo kazi yake ni kuongeza kasi ya kunakiliwa kwa jeni fulani, hata kama jeni hiyo iko umbali wa maelfu ya herufi.

Kabla ya kusema kwamba jeni fulani imewashwa vibaya, jiulize inafanya nini kwa mtu mwenye afya katika hatua hiyo hiyo ya ukuaji wa seli. HOXA9 na MEIS1, jeni mbili zinazotajwa sana katika lukemia, huwa juu katika seli shina za damu na hushuka kadiri seli zinavyokomaa. Mtafiti akilinganisha seli za lukemia na damu ya kawaida iliyochotwa mkononi, atakuta HOXA9 iko juu sana, na sehemu ya tofauti hiyo itakuwa imetokana tu na kulinganisha seli changa na seli pevu. Ulinganisho unaofaa ni ule wa seli changa za uboho wenye afya, zile zenye alama ya CD34, protini inayokaa juu ya seli changa za damu, zikitenganishwa kwa hatua zake. Ripoti isiyoeleza ilichukua wapi seli zake za ulinganisho naisoma kwa tahadhari kubwa, hata ikiwa na michoro ya kuvutia kiasi gani.

Tambua kosa liko wapi

Hatua inayofuata ni kujua namna udhibiti ulivyovurugika, kwa sababu kila namna hudokeza shabaha ya aina yake. Mfano wa kwanza ulioeleweka vizuri una asili yake hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao leo unajulikana kwa jina lake, na ambao kwa baadhi ya wagonjwa huenea hadi kwenye uboho na damu kwa sura ya lukemia. Mwaka 1982 ilibainika kwamba katika seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC, jeni inayohimiza seli kugawanyika, huhamia kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni za kutengeneza kingamwili. Protini ya MYC inaweza kubaki nzima kabisa. Kilichobadilika ni jirani: enhansa ya kingamwili, ambayo katika seli B, yaani chembe nyeupe za kutengeneza kingamwili, hufanya kazi kwa nguvu sana, sasa inaichochea MYC, kama moto wa jiko la jirani unaochemsha chungu kisichokuwa chake.

Kosa la namna hiyo linaweza kuwa na hasara mbili kwa wakati mmoja. Katika lukemia kali ya mieloidi, yaani ya ukoo wa seli za uboho usiozaa seli B na T, ambamo kipande cha kromosomu ya 3 kimegeuzwa, enhansa ya jeni ya GATA2 hung'olewa ilipokuwa na kupelekwa karibu na jeni ya EVI1. EVI1 huwaka, na GATA2, ambayo uboho unaihitaji, hupungukiwa na nakala moja inayofanya kazi. Tafiti mbili za mwaka 2014 zilionyesha jambo hili, na tutarudi kwa mojawapo kwa sababu ya namna lilivyothibitishwa.

Namna ya pili ni enhansa kuzaliwa mahali ambapo haikuwepo. Katika baadhi ya wagonjwa wa lukemia kali ya seli T, herufi kati ya 2 na 18 huingizwa kwenye DNA, umbali wa herufi zipatazo 7,500 kabla ya mwanzo wa jeni ya TAL1. Ukizitazama seli ziitwazo Jurkat, ambazo zimekuzwa katika maabara za dunia tangu miaka ya 1970, utakuta zimeingizwa herufi 12 tu mahali hapo. Herufi hizo huunda neno ambalo protini ya udhibiti MYB hulitambua. MYB ikishakaa, huwavuta wenzake, akiwemo RUNX1, GATA3 na TAL1 yenyewe, na eneo lililokuwa kimya hugeuka kuwa enhansa kubwa inayoiwasha TAL1 bila kukoma. Kati ya herufi bilioni 3, nyongeza ya herufi 12 isiyogusa protini yoyote ilitosha. Kipimo kinachosoma sehemu za protini peke yake, ambazo ni kama asilimia 2 tu ya DNA yote, kisingeliona kosa hili hata kidogo.

Namna ya tatu ni protini za udhibiti zilizounganishwa isivyo kawaida. KMT2A, iliyojulikana zamani kama MLL, iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 11. Ikikatika, kipande chake cha mwanzo huungana na kipande cha jeni nyingine, na wenzi hao wamekwisha kuhesabiwa zaidi ya 80. Wenzi wanaojitokeza mara nyingi huja pamoja na mashine inayoharakisha unakili, hivyo HOXA9 na MEIS1 hubaki wazi. Lukemia kali ya limfoidi, yaani ya ukoo wa seli B na T, ya watoto walio chini ya mwaka mmoja kwa sehemu kubwa ni ya aina hii, na ni miongoni mwa lukemia za watoto zilizo ngumu zaidi kutibu.

Namna ya nne ni alama za kikemia. Jeni za DNMT3A na TET2, moja ikibandika alama za methili kwenye DNA na nyingine ikianzisha uondoaji wake, huharibika mara kwa mara katika lukemia kali ya mieloidi. Jeni za IDH1 na IDH2 zikibadilika hutengeneza molekuli isiyo ya kawaida inayozuia TET2 kufanya kazi, na hapo dawa zilipatikana mapema: enasidenib iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na ivosidenib mwaka 2018, zote zikilenga kimeng'enya kilichobadilika.

Soma ramani, kisha ijaribu

Ripoti nyingi za utafiti huja na ramani za aina nne. Ya kwanza huonyesha RNA, yaani nakala za jeni, na hivyo jeni zipi zinanakiliwa na kwa kiasi gani. Ya pili huonyesha maeneo ya DNA yaliyo wazi. Ya tatu huonyesha alama za histoni, ambapo H3K27ac huashiria enhansa inayofanya kazi na H3K79me2 huwa juu kupita kawaida kwenye jeni zinazoshikwa na protini za KMT2A zilizounganishwa. Ya nne huonyesha jinsi DNA inavyojikunja, na hivyo enhansa ipi inagusana na jeni ipi. Zisome kwa pamoja. Enhansa huweza kuruka jeni iliyo karibu na kuhudumia iliyo mbali, kwa hiyo anayehusisha kila enhansa na jeni ya jirani bila kutazama mikunjo atakosea mara nyingi.

Pale inapowezekana, tafuta kama watafiti walitenganisha nakala mbili za kromosomu. Katika mfano wa TAL1, MYB na alama za uwakaji zilikutwa kwenye nakala yenye herufi zilizoongezwa. Nakala zote mbili ziko ndani ya kiini kimoja cha seli, zimezungukwa na protini zilezile, na moja tu ndiyo imewaka. Ushahidi wa namna hiyo una nguvu kwa sababu unaondoa maelezo mengine mengi kwa mara moja.

Hata hivyo ramani huonyesha vitu vilivyo pamoja, na kuwa pamoja si kusababisha. Lazima eneo linalotuhumiwa liondolewe. Katika mojawapo ya tafiti za EVI1 nilizozitaja, watafiti walikata enhansa iliyohamishwa wakaiondoa ndani ya seli za lukemia. EVI1 ikazimika, seli zikapunguza kasi ya kukua na zikaanza kukomaa. Kukomaa huko ndiko ninakokutafuta kila ninaposoma kazi ya aina hii, kwa sababu kunaonyesha kwamba seli bado ilikuwa na uwezo wa kufuata njia yake ya kawaida na ilikuwa imezuiwa na kosa moja linaloweza kuondolewa.

Zingatia pia muda. Protini ya udhibiti ikiondolewa na RNA ikapimwa baada ya siku nne, jeni mamia kwa mamia zitakuwa zimebadilika, na nyingi zitakuwa zimeathiriwa na mabadiliko ya jeni nyingine au na kufa kwa seli. Mbinu za sasa za kuivunja protini ndani ya saa moja au mbili, kisha kupima unakili papo hapo, hutenga jeni zinazoongozwa moja kwa moja. Orodha inayobaki huwa fupi sana, na shabaha zinazostahili kufuatiliwa huwa humo.

Tafuta mahali pa kushika

Tuseme sasa imethibitishwa kwamba lukemia inategemea HOXA9. Kwa nini hakuna aliyeandikiwa dawa ya HOXA9? Protini nyingi za udhibiti hushika DNA kwa uso mpana usio na shimo ambamo molekuli ndogo inaweza kuingia. Kwa sababu hiyo mtafiti hulazimika kupanda juu ya mnyororo na kuuliza nani anaiwasha, na huyo anamhitaji nani.

Historia ya menini inastahili kusomwa kwa makini na kila anayejifunza kazi hii. Menini ni protini ya jeni ya MEN1, ambayo ikirithiwa ikiwa na kasoro husababisha uvimbe wa tezi; kwa tezi, basi, menini ni mlinzi. Katika lukemia hali hugeuka. Kipande cha mwanzo cha KMT2A, ambacho hubaki katika kila muungano bila kujali mwenzi wake ni nani, hushikana na menini, na bila menini hakiwezi kukaa kwenye HOXA9 na MEIS1. Menini ina shimo, na shimo hilo laweza kujazwa. Hivyo badala ya kutafuta dawa zaidi ya 80 kwa miungano zaidi ya 80, shimo moja lilitosha kuwa lengo la zote.

Revumenib, dawa ya kumeza inayojaza shimo hilo, iliidhinishwa Marekani Novemba 2024 kwa wagonjwa wenye lukemia kali ya KMT2A iliyorudi au iliyoshindikana, kuanzia umri wa mwaka 1. Miongoni mwa wagonjwa 104 waliotathminiwa, asilimia 21.2 walifikia nafuu kamili au nafuu kamili yenye damu iliyorejea kwa sehemu, na nafuu hiyo ilidumu kwa wastani wa kati wa miezi 6.4. Takwimu hizi zisomwe kwa haki: ni wagonjwa ambao matibabu mengine yalikuwa yameshindwa, na kwa baadhi yao nafuu hiyo iliwapa nafasi ya kupandikizwa uboho.

Kuelewa udhibiti kulizaa tunda la pili. Lukemia zenye mabadiliko ya NPM1, ambazo ni kama theluthi moja ya lukemia kali ya mieloidi kwa watu wazima, hazina muungano wa KMT2A, lakini nazo huwasha HOXA9 na MEIS1 na nazo huitegemea menini. Magonjwa mawili yenye mabadiliko tofauti yalikutana kwenye kiungo kimoja, na mwishoni mwa mwaka 2025 revumenib na dawa nyingine ya kundi hilo, ziftomenib, ziliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa NPM1 ambao ugonjwa wao ulirudi au ulishindikana.

Si kila shabaha nzuri ya maabara hufika huko. DOT1L, kimeng'enya kinachobandika ile alama ya H3K79, kilionekana kuwa muhimu mno kwa seli za KMT2A, lakini dawa yake pinometostat, ilipotumiwa peke yake kwa wagonjwa, ilileta manufaa kidogo. BRD4, protini inayosoma alama za H3K27ac, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa udhaifu wa lukemia kali ya mieloidi, na kuizuia hushusha MYC kwa haraka. Tatizo ni kwamba BRD4 hutumiwa na karibu kila seli, na dawa zake zimezuiliwa na kushuka kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na matatizo ya tumbo. Kwa hiyo unapotathmini shabaha, tafuta vipimo viwili vikiwekwa bega kwa bega: kinachotokea kwa seli ya lukemia shabaha inapozimwa, na kinachotokea kwa seli shina ya kawaida ya damu kwa kipimo hichohicho cha dawa. Pengo kati ya viwili hivyo ndilo mgonjwa atakaloishi nalo.

Kuwa mwangalifu vilevile na jina la jeni peke yake. EZH2, kwa mfano, hupata nguvu ya ziada katika baadhi ya limfoma, yaani saratani za mfumo wa limfu, na huko kuizuia kuna maana. Katika baadhi ya lukemia za seli T huharibika na kupoteza kazi yake, na upotevu huo wenyewe huchangia ugonjwa. Dawa inayosaidia upande mmoja inaweza kukosa msingi kabisa upande wa pili.

Tarajia usugu na madhara

Saratani hujibu. Kwa wagonjwa waliotibiwa na revumenib, seli zilizorudi zilikutwa na mabadiliko ndani ya MEN1, kwenye kuta za lile shimo, kiasi kwamba menini iliendelea kushikana na KMT2A ilhali dawa haikuweza tena kuingia vizuri. Jambo hili ni la kusikitisha kwa mgonjwa, na wakati huohuo ni uthibitisho wa kisayansi usio na shaka kwamba dawa ilikuwa imegonga mahali palipokusudiwa. Seli isingejisumbua kubadili shimo hilo kama halikuwa na umuhimu kwake. Mpango mzuri wa utafiti hupima DNA kabla ya dawa, wakati wa nafuu, na ugonjwa unaporudi.

Madhara nayo hutokana na kazi yenyewe ya dawa. Seli nyingi changa zikikomaa kwa mkupuo, mgonjwa anaweza kupata homa, kuongezeka uzito kwa sababu ya maji mwilini, na kushindwa kupumua kutokana na maji kwenye mapafu. Hali hii huonekana kwa dawa za menini, za IDH na za lukemia ya promielositi (chembe nyeupe ambazo hazijakomaa), na huweza kuua isipotambuliwa. Matibabu yake huanza kwa deksamethasoni, dawa ya steroidi, mara inaposhukiwa.

Linganisha na mfano uliofaulu

Kipimo cha haki cha kila shabaha mpya ya udhibiti ni lukemia ya promielositi. Humo kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande na kuzaa PML::RARA, protini inayokaa kwenye jeni za ukomavu na kuita vizuizi vinavyozifunga. Mwaka 1985 mjini Shanghai, Wang Zhenyi alianza kuwatibu wagonjwa kwa tretinoini, aina ya vitamini A, na mwaka 1988 kundi lake liliripoti wagonjwa 24 waliopata nafuu, karibu wote kwa dawa hiyo peke yake. Dawa hulazimisha vizuizi viachie jeni, na seli hukomaa. Arseniki trioksaidi, iliyotokana na kazi ya madaktari wa Harbin, China, hushika upande wa PML na kusababisha protini nzima kuvunjwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, likihusisha wagonjwa ambao hatari yao haikuwa kubwa, asilimia 97 ya waliopewa dawa hizo mbili bila kemotherapi ya kawaida walifikisha miaka miwili bila ugonjwa kuwashinda, dhidi ya asilimia 86 ya waliopewa tretinoini na kemotherapi.

Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, tretinoini tangu mwaka 2015 na arseniki trioksaidi tangu mwaka 2019, na kwa hospitali za Afrika Mashariki naiona hii kuwa hatua ya kwanza ya kuitafsiri elimu hii kwa vitendo. Mgonjwa wa aina hii huweza kufa kwa kutokwa na damu ubongoni katika siku chache za mwanzo. Kwa hiyo daktari anapoona kwenye kioo cha darubini promielositi zilizojaa chembechembe, baadhi zikiwa na vijiti vilivyorundikana ndani yake, huku vipimo vya kuganda kwa damu vikiwa vimevurugika, tretinoini hupaswa kuanza siku hiyohiyo, na sampuli ya kuthibitisha PML::RARA itumwe maabara mgonjwa akiwa tayari amemeza kidonge cha kwanza.